Mashine ya msasa: someni kabla ya Jumatatu

Mafundi, habari za jioni. Ile mashine ya msasa yenye mkanda na diski imeshafungwa karakanani kwetu hapa Ndeeba. Kabla hujaigusa, soma hapa.

Diski ndiyo yenye hila. Ikizunguka, upande mmoja unashuka na mwingine unapanda. Ubao uwekwe upande unaoshuka tu, ili mzunguko uukandamize mezani. Ukiuweka unapopanda, utarushwa usoni kwako. Nafasi kati ya meza na diski isizidi milimita 2. Ikipanuka, kipande chembamba kinamezwa na kidole kinafuata. Vipande vidogo kuliko kiganja pigeni msasa kwa mkono, kama zamani.

Glavu hapana. Najua kuna watakaobisha, lakini msasa ukidaka glavu unavuta mkono mzima. Mikono ya shati ikunjwe, bangili na saa zivuliwe.

Mkanda una mshale kwa ndani; ufuateni mnapoubadilisha, mashine ikiwa imechomolewa. Uzungushe kwanza kwa mkono uone kama unakaa katikati.

Vumbi la mvule linawasha pua na macho, kwa hiyo barakoa na miwani. Chuma kisinolewe pale kabisa: cheche zikikuta vumbi la mbao, moto huo.

Na umeme wetu mnaujua. Ukikatika, zima swichi papo hapo, usingoje urudi wakati umeinamia mkanda.

Ufunguo wa chumba ninao mimi. Anayetaka kuitumia Jumatatu anipigie kesho.