YAH: KIOO CHA DARUBINI YANGU KUFUTWA KWA TAMBARA LA KAUNTA

Meneja wa Mizigo na Vifurushi,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti ya mizigo ya kuvunjika mmeyachapa wenyewe nyuma ya risiti, sina haja ya kuwasomea. Naanzia dirishani kwenu, stendi ya Mtwara. Nilikuta boksi limeshafunguliwa. Kijana wenu kashika kioo changu cha inchi 8, dole gumba katikati, anajitazama meno. "Mzee, hiki cha saluni?" Sijajibu, akakifuta kwa tambara la kaunta.

Si cha saluni. Ni kioo cha darubini. Alumini yake imepakwa kwa mbele, si kwa nyuma kama vioo vya nyumbani, na unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kile cha zamani nilikaa nacho miaka minne bila kukigusa kwa kidole. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa hata darubini sifungui, nikiogopa vumbi. Leo tambara!

Mimi napiga picha nebula, mawingu ya gesi huko angani. Julai hii nilikuwa naifuata nebula iitwayo NGC 6334, katika kundi la nyota la Nge, ambayo mwanaastronomia Mwingereza John Herschel aliiona mwaka 1837 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Huku kwetu hupanda juu sana. Kwao Uingereza haiinuki hata juu ya miti. Kwa macho huoni kitu. Unaiacha kamera wazi dakika 5, unarudia mara 60, unazipandanisha picha zote, ndipo wekundu wa haidrojeni unaanza kujitokeza. Kioo kikichubuka, mwanga wa nyota kali unatawanyika na kuufunika wekundu huo. Basi, kazi imekwisha.

Mliahidi mzigo kufika Jumanne. Ulifika Jumatatu ya pili yake, mwezi umeshakua na mwanga wake unaifunika nebula, na gari la kunipeleka Msimbati nimeshalilipia. Hilo ningelimeza.

Tambara silimezi. Nalirudia, maana wakala wenu anasema natia chumvi. Nilimwambia, "Mwanangu, usiguse hapo, kiweke chini." Akasema, "Tulia mzee, kina vumbi, nakusaidia." Akakihemea kwa mdomo, haaa, kama anayesafisha miwani, akazungusha lile tambara lenye mchanga na chai iliyomwagika, huku abiria wa Masasi wakicheka. Nilisikia mchanga ukikwaruza. Nina miaka 61, nimefundisha watoto wa watu, na nilisimama pale nimeduwaa.

Siku ile ningeridhika na samahani na nauli ya mzigo, Sh 30,000. Samahani haikuja. Juzi nimepiga simu nikaulizwa, "Kwani kimevunjika?" Sasa nataka bei ya kioo, Sh 950,000, na gari la Msimbati, na barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe Meneja, si ya wakala. Nawapa siku 7. Ya nane nipo LATRA, wanaosimamia usafiri wa ardhini, na wakinizungusha nakwenda mahakamani, na huko nitadai na usumbufu.

Ushahidi ninao. Kijana alipogeuka kutafuta gundi ya kufungia boksi, tambara nililichukua. Liko kwenye bahasha, mchanga wake na chai yake.

Wenu mteja,
Mwalimu mstaafu, Shangani, Mtwara