Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha atayaeleza mweka hazina. Mimi najikita katika mada mliyoipitisha katika mkutano mkuu uliopita, yaani kuongeza kasi ya chembe zenye chaji kwa mwanga wa leza.

Msingi wake uliwekwa mwaka 1979, Toshiki Tajima na John Dawson walipoonyesha kwa hesabu kwamba mpigo mfupi wa leza unapopita ndani ya plazima (gesi ambayo atomu zake zimepokonywa elektroni) husukuma elektroni pembeni na kuacha nyuma yake wimbi la umeme, mfano wa maji yanavyofanya nyuma ya mashua, na elektroni inayoingia mahali panapofaa huchukuliwa na wimbi hilo. Leza za wakati huo hazikuiweza kazi hiyo, hadi Donna Strickland na Gérard Mourou walipobuni, mwaka 1985, namna ya kuurefusha mpigo, kuukuza, kisha kuubana upya, bila kuunguza vifaa vinavyoukuza.

Baadhi yenu mliuliza kwa nini tusiridhike na mashine zilizopo za kuongeza kasi ya chembe. Tatizo ni urefu. Mashine ya chuma ikizidishiwa umeme hupiga cheche ndani, hivyo kasi huongezwa kidogo kidogo kwa umbali mrefu. Ndiyo maana mashine ya maabara ya SLAC, California, ikahitaji kilomita 3.2. Plazima haina tatizo hilo, kwa kuwa atomu zake zimekwisha kupokonywa elektroni, na hivyo umbali mfupi hutosha. Katika maabara ya Berkeley, California, kwa leza na plazima, elektroni zilifikishwa elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) bilioni 4.2 mwaka 2014 ndani ya mrija wa sentimita 9, na bilioni 7.8 mwaka 2019 ndani ya sentimita 20. Katika jaribio hilo la pili, mrija wa yakuti samawi ulijazwa haidrojeni, na leza nyingine ikatangulia kupasha joto katikati ya plazima ili mpigo mkuu usitawanyike njiani.

Kwa maoni yangu, vikao vyetu vilishangilia mno takwimu hizo. Leza ya Berkeley hupiga mara moja tu kwa sekunde, na mihimili yake ya elektroni hutofautiana kati ya mpigo na mpigo, wakati tiba na utafiti vinadai mihimili mingi inayofanana. Kwa sababu hiyo nimevutiwa zaidi na kazi ya Erlangen, Ujerumani, iliyotangazwa mwaka 2023: nishati ilipanda kutoka elektronivolti 28,400 hadi 40,700 tu, lakini ndani ya nusu milimita, katikati ya nguzo ndogo za silikoni, bila plazima yoyote.

Kamati inapendekeza kwamba mwaka ujao tuchambue ubora wa mihimili kabla ya kurudi kwenye nishati. Naomba mlijadili pendekezo hilo na kulipigia kura.

Nawasilisha.