Malalamiko: mmeipa dola yangu ya 1892 gredi ya sarafu iliyochakaa wakati haijachakaa

Habari zenu wahusika wa kitengo cha kukadiria sarafu,

Nawaandikia kuhusu sarafu mbili za fedha nilizowatumia mnikadirie, moja ni dola ya Morgan ya Marekani ya mwaka 1892, ile yenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na ndege tai upande wa pili, na ingine ni taler, sarafu kubwa ya Austria yenye picha ya malkia Maria Theresa, na ripoti yenu nimeshaisoma mara nne, kwa kweli imeniuma maana hizi sarafu aliniachia babu na alizitunza kwenye bahasha za karatasi miaka yote bila kuzisugua hata siku moja.

Nianze na dola, ndo iliyonifanya niandike. Mmesema nywele za juu ya sikio zimeisha, kifua cha tai kimeisha, gredi 50 kati ya 70. Yaani imezunguka mikononi mwa watu mpaka ikalika. Haijazunguka! Nyuma ya hiyo sarafu chini ya shada la majani kuna herufi O, alama ya kiwanda cha New Orleans, na mtu anayeshika dola za Morgan kila siku akiona O na mwaka 1892 kitu cha kwanza anajiuliza hii ilipigwa chapa sawasawa au vipi, kwa sababu dola za mwaka huo za kiwanda hicho zinajulikana kwa kupigwa hafifu. Vile vyuma viwili vya chapa vikiachiwa nafasi zaidi kidogo ya inavyotakiwa, fedha haisukumwi vya kutosha kujaza zile sehemu zenye kina, na kwenye dola hii sehemu zenyewe ni hizo hizo mbili mlizozitaja, nywele upande huu na kifua cha tai upande ule, tena zimepeana mgongo pale katikati kwa hiyo zinagombania fedha ileile. Sarafu inatoka kiwandani tayari ikiwa bapa. Imezaliwa hivo.

Na kutofautisha wala hakuhitaji mashine, weka taa moja tu, igeuze sarafu polepole, mng'ao wake unazunguka kama tindi za gurudumu. Iliyochakaa, mng'ao unakatika pale palipoinuka panabaki kijivu kimefubaa. Yangu mng'ao unapita shavuni mpaka kwenye nywele bila kukatika, na ukiweka lenzi pale palipo bapa unaona vijishimo na vimikwaruzo vya kile kipande cha fedha kabla hakijapigwa chapa, ambavyo kama ingekuwa imechakaa kweli vingeshasuguliwa zamani vikapotea. Nilipiga picha kabla sijawatumia, nimeziambatanisha hapa, ziangalieni.

Sisemi ni 65 jamani. Kupigwa hafifu kunashusha gredi najua, na shavuni kuna alama kadhaa za kugongana na dola zenzake kwenye magunia, mngenipa 61 au 62 ningekubali bila neno. Ila kwenye kipimo cha Sheldon, hicho mnachotumia kutoa gredi, kinachoenda 1 mpaka 70, kuanzia 60 ni sarafu isiyotumika na 50 ni iliyotumika, sasa huu siyo ubishi wa namba moja mbili, ni kuiita sarafu kitu ambacho siyo.

Alafu thamani. Mmechukua gramu 26.73, mkahesabu asilimia 90 yake, mkapata gramu 24 na kidogo za fedha safi, mkazipiga kwa bei ya fedha ya siku hiyo basi mkafunga. Sababu eti zilitengenezwa zaidi ya milioni 2.7 kwa hiyo ni nyingi. Sawa zilitengenezwa, ila zilizobaki ni ngapi? Sheria ya Pittman ya Marekani ya 1918 iliyeyusha dola za fedha zaidi ya milioni 270 na hakuna aliyekaa kuandika ni za miaka gani, ndo maana idadi ya kiwandani peke yake haitoshi kusema kitu ni adimu au siyo. Mnajua hilo kuliko mimi, ni kazi yenu. Na kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti hiyohiyo mmeandika kwamba mko tayari kuinunua kwa bei mliyoikadiria nyie wenyewe, hapo ndo amani iliniisha kabisa.

Kwenye taler mmekosea kwa kunipendelea na hilo nalo nalikataa. Mmeandika ni ya karne ya 18, adimu, mkaipandisha bei. Mwaka 1780 ndo aliofariki Maria Theresa na tangu hapo taler zake zimeendelea kupigwa zikiwa na mwaka uleule, Vienna, London, Rome, Bombay, Birmingham, karne ya 20 imetoa nyingi mno. Wajuzi wanahesabu lulu za kwenye broshi yake, lile pambo la kubania nguo, na kuangalia manyoya ya mkia wa tai ndo wanajua imepigwa wapi na lini, kwenye ripoti yenu hakuna hata sentensi moja ya hayo, mmesoma mwaka tu. Nikimuuzia mtu kwa karatasi yenu nitakuwa nimemwibia.

Naomba sarafu zote mbili ziangaliwe upya na mtu mwingine, siyo yule aliyesaini, na aandike sababu zake kwa maneno, hasa aseme ameona nini kwenye nywele za ile dola chini ya taa. Mkishindwa hilo nirudishieni ada yangu yote. Ofa ya kununua nimeikataa, msinitumie tena. Na dola irudi kwenye bahasha yake ileile ya karatasi, asije mtu akaipangusa kwa kitambaa wala kuitumbukiza kwenye dawa ili ionekane mpya.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi,
Mwenye sarafu