Kabla ya Chemirocha kulikuwa na Jimmie Rodgers wa Meridian

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu mapenzi ya Wakenya kwa muziki wa kantri ilisomeka vizuri, ila Jimmie Rodgers aliambulia aya moja tu. Tuliambiwa kuwa alikuwa Mmarekani mpiga yodeli (uimbaji wa kuruka ghafla kati ya sauti nzito na nyembamba), santuri zake zikafika kwa Wakipsigis, nao wakamdhania kiumbe nusu mtu nusu swala. Kisha mwandishi akamrukia Jim Reeves, mwimbaji mwingine wa kantri wa Marekani, na hapo ndipo alipokaa hadi mwisho. Kisa cha Chemirocha, yaani jina lake katika matamshi ya Wakipsigis, ni kitamu na kina msingi, lakini kikisimuliwa peke yake msomaji hajui huyo mtu alifanya nini hasa hata sauti yake ikafika Kericho. Alirekodi kwa muda usiofika miaka sita. Tunaomba nafasi tuijaze aya hiyo.

Alizaliwa Septemba 8, 1897, na kwao panahesabiwa kuwa Meridian, jimbo la Mississippi. Mama yake alifariki yeye angali mdogo. Baba yake, Aaron, alisimamia magenge ya mafundi wa reli, na kijana akaanza kwa kuwabebea maji vibarua. Wengi wao walikuwa Weusi waliofanya kazi kwa kuimba, na huko ndiko alikookota bluzi, muziki wa Weusi wa Marekani. Baadaye akawa mshika breki wa garimoshi: mtu wa kuunganisha na kukata mabehewa, kukagua breki, na kupanda juu ya mabehewa ya mizigo kwenye baridi na moshi. Mwaka 1924, akiwa na miaka 27, akapatikana na kifua kikuu. Dawa haikuwepo, streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, miaka kumi baada ya kifo chake. Mgonjwa wa wakati ule aliambiwa apumzike na atafute hewa safi. Kazi ya reli ikamshinda, akabaki na gitaa. Alizunguka na maonyesho ya wauza dawa, akijipaka masizi usoni kuigiza Mweusi kama ilivyokuwa desturi chafu ya majukwaa ya huko, na hilo nalo lisifichwe tunapomsifu.

Sasa tuje mji wa Bristol, ambako makala yenu iliteleza. Mliandika kwamba aligunduliwa huko akiwa na bendi yake. Bendi alikuja nayo, ni kweli, lakini kabla ya kurekodi waligombana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri, wakaachana. Ralph Peer, prodyuza wa kampuni ya santuri ya Victor, alikuwa amekodi sehemu ya jengo la kampuni ya kofia kwenye State Street, barabara ambayo upande mmoja ni Tennessee na wa pili ni Virginia. Sahani ya nta iliyochongwa sauti ilizungushwa kwa uzito uliotundikwa kwenye kapi, ukishuka taratibu, ili mwendo usiyumbe. Familia ya Carter, kundi jingine la kantri, ilirekodi siku chache mbele yake. Rodgers aliingia Agosti 4, 1927, peke yake na gitaa, akaimba nyimbo mbili na kulipwa dola 100. Mojawapo ilikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto, wenye yodeli.

Jambo ambalo halisemwi sana ni la mikrofoni. Hadi mwaka 1925 hivi waimbaji walirekodi kwa kupiga kelele ndani ya pembe kubwa ya bati, na aliyeshinda ni mwenye mapafu ya tarumbeta. Peer alifika Bristol na mikrofoni za umeme. Mtu mwenye kifua kibovu sasa aliweza kusogea karibu, akaimba kama anayezungumza na mtu aliyeketi kiti cha pili, na kila pumzi ikasikika. Rodgers angekuja miaka mitano mapema, huenda tusingemsikia kabisa.

Santuri hiyo ya kwanza iliuza kiasi tu. Mwenyewe hakungoja kuitwa: Novemba alisafiri hadi New York kumtafuta Peer, na Novemba 30 akarekodi Camden, New Jersey, yodeli yake ya kwanza ya bluzi. Hiyo ndiyo iliyouza kwa mamia ya maelfu na kumtoa. Aliendelea kutoa nyingine kwa namba. Ya tisa, iliyorekodiwa Hollywood Julai 16, 1930, ina tarumbeta ya Louis Armstrong na piano ya Lil Hardin Armstrong, na lebo ya santuri haikuwataja hata kwa herufi.

Kwa wale vijana wanaoshindana kuimba kantri siku hizi, yodeli yenyewe ndipo penye kazi. Kila koo lina mahali ambapo sauti nzito ya kifua hukatika na sauti nyembamba ya kichwa hushika. Kwa wanaume wengi pako karibu na E au F iliyo juu ya C ya katikati ya piano. Mwimbaji wa kwaya hufundishwa kuuficha mkato huo. Mpiga yodeli huuanika. Chini anatumia irabu pana, a na o. Juu anatumia i na u. Na kuruka ni kwa ghafla, bila kuteleza katikati. Anayeanza na achague noti ya chini anayoishika bila jasho, aruke hadi ya sita juu yake, arudi, polepole, mara kadhaa, kisha anyamaze apumzike. Koo likianza kukwaruza, siku hiyo imekwisha.

Makosa tunayoyasikia majukwaani ni yale yale. La kwanza ni ufunguo. Mtu anaimba wimbo chini mno, noti zote zinakaa upande wa kifua, mkato haufikiwi, na kinachotoka ni "o-le-i" ya kawaida isiyo na ladha. Apandishe wimbo noti mbili tatu, kwa kibanio kwenye shingo ya gitaa kama hataki kubadilisha vidole, hadi mkato uangukie katikati ya kifungu. La pili ni kusukuma: noti ya juu inapigiwa kelele kwa sauti ya kifua. Hiyo ni kuita ng'ombe. Noti ya juu ya Rodgers ni laini kuliko ya chini, sikilizeni vizuri. La tatu ni kuiweka kila mahali. Katika nyimbo zake za bluzi mpango ni mmoja: mstari unaimbwa, unarudiwa, wa tatu unajibu kwa vina, ndipo yodeli inakuja kufunga ubeti. Vipimo ni 12 vya mapigo manne manne, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu tu.

Gitaa lake nalo si la makeke. Kidole gumba kinapiga uzi wa besi kwenye pigo la kwanza na la tatu, vingine vinafagia nyuzi nyembamba kwenye la pili na la nne. Akitoka G kwenda C gumba linatembea: G kwenye uzi wa sita kituo (kigawanyo cha shingo ya gitaa) cha tatu, A uzi wa tano ukiwa wazi, B kituo cha pili, kisha C kituo cha tatu. Noti nne, na msikilizaji ameshaambiwa kodi inabadilika. Shida ni kwamba hakuhesabu kama wengine. Alikata kipimo akitaka, akakirefusha akiwa na pumzi, na wapigaji waliomsindikiza walilazimika kumkodolea macho. Anayejifunza kwa santuri zake huku mashine ya mapigo ikilia pembeni atachanganyikiwa tu. Aizime, afuate mdomo.

Hakusoma noti. Shemeji yake, Elsie McWilliams, ndiye aliyemtungia au kumsaidia kutunga nyimbo nyingi na kumfundisha kwa kumwimbia, na baadhi zikatoka bila jina lake. Peer naye pesa zake kubwa zilitokana na haki za nyimbo kuliko santuri zenyewe, ndiyo maana alitaka nyimbo mpya zisizo na mwenyewe. Makala yenu iliuita mpango huo "ukarimu wa prodyuza". Tungeuita biashara, tena ya macho makavu.

Pesa alizipata, akazitumia. Mwaka 1929 alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, mji uliojulikana kwa hewa iliyowafaa wagonjwa wa kifua. Mwaka huo huo uchumi wa Marekani ukaanguka, na santuri ya senti 75 ikawa anasa kwa watu aliokuwa akiwaimbia. Nyumba ikamtoka, akahamia San Antonio. Ugonjwa haukumwachia nafasi, naye akauimba waziwazi. Mwaka 1931 alirekodi bluzi iliyokitaja kifua kikuu kwa jina, wakati ambapo wengine waliuficha hata kwa majirani.

Mei 1933 alikwenda New York kurekodi kwa mara ya mwisho, akiwa na muuguzi. Alilazwa kwenye kitanda chembamba ndani ya studio, akainuka kuimba wimbo, akarudi kulala. Mei 24 alimaliza, na wimbo wa mwisho aliupiga kama wa kwanza: yeye na gitaa lake tu. Usiku wa kuamkia Mei 26 alifariki katika hoteli ya Taft, umri miaka 35. Treni ikamrudisha Meridian. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, pamoja na Hank Williams na Fred Rose.

Kuhusu Kapkatet, kwa Wakipsigis, makala iseme wazi nani alisema nini. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko nyimbo kadhaa zenye jina Chemirocha. Inayojulikana zaidi ni ile ya Chemutoketch Ketienya na wasichana wenzake, wakisindikizwa na chepkong', kinanda cha nyuzi cha Wakipsigis. Habari ya nusu mtu nusu swala tunaijua kupitia maelezo ya Tracey, mgeni aliyekuwa akikusanya muziki. Wale wasichana walikuwa wakiimba kwa utani, na kuwageuza waabudu gramafoni ni kuwapunguzia akili. Walisikia jina geni, wakalivalisha matamshi yao, wakalitungia wimbo. Kila lugha hufanya hivyo.

Mwisho, mmewashauri wasomaji wenye santuri kuukuu za babu "wazisafishe kwa spiriti na kuzipiga kwenye mashine yoyote". Tafadhali sahihisheni haraka. Santuri za kasi ya 78 zimefinyangwa kwa gundi ya sheleki, na spiriti huiyeyusha; mtaro unaobeba sauti unakufa palepale. Tumieni maji baridi yenye tone la sabuni, kitambaa laini kinachofuata mzunguko wa mitaro, lebo isiguswe na maji, na zikaushwe mara moja. Sindano ya santuri za kisasa ni nyembamba mno, upana wake ni robo hivi ya inayotakiwa. Huzama hadi chini ya mtaro na kukusanya uchafu, ndiyo maana watu hudhani kelele ni ya santuri. Kwa gramafoni ya kukoroga, sindano ya chuma hubadilishwa kila upande mmoja, kwa kuwa huisha ncha ikaanza kulima. Na anayezihamishia kwenye kompyuta apime mwendo: ukizidi kwa asilimia sita tu, wimbo unapanda nusu noti, na kijana anayejifunza atalilaumu gitaa lake bure.

Tena, ile picha ya nyuma ya gitaa lake la Martin, yenye neno THANKS, yaani asante. Maelezo yenu yalisema mpigapicha alikosea kwa kuwa maandishi yako kichwa chini, mkaigeuza. Mpigapicha hakukosea. Yaliandikwa hivyo makusudi: wimbo ukiisha, Rodgers aliligeuza gitaa mgongo mbele, na waliokaa ukumbini wakalisoma neno likiwa sawasawa.

Wapenzi wa santuri za zamani,
Kericho