Jiwe la Bibi

Temeke, Dar es Salaam
13 Januari 2025

Somo yangu Rehema,

Paka wangu Kibatari amezaa. Najua ungependa nianze na habari za Mama na za Krismasi, nazo nitakupa, ila hii haiwezi kungoja, maana tangu mwezi wa kumi na moja kila ukipiga simu unaniuliza, "Bado tu?" Alizaa usiku wa tarehe 29 Desemba, siku moja baada ya mimi kurudi kutoka Morogoro, kama vile alikuwa akisubiri nifungue mlango. Watoto wanne. Aliwazalia uvunguni, ndani ya lile boksi la tambi ninamowekea karatasi zangu, juu kabisa ya sura ya tatu. Karatasi zililoa zote. Sikuzigusa mpaka jioni ya pili yake, kwani mzazi humwondolei kitu alichokilalia.

Wawili walitoka wa kijivu kama mama yao, mmoja mweusi mwenye soksi nyeupe miguuni, na wa mwisho rangi ya chai ya maziwa. Sasa wamebaki watatu.

Nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu nimeibeba peke yangu siku zote hizi. Joto la Januari unalijua. Kaskazi inavuma huko baharini lakini uani kwetu haifiki, nyumba zimebanana. Chumba kikawa tanuri. Siku ya nane Kibatari akaanza kuhama, mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, akawapeleka chini ya tangi la maji ambako sakafu huwa na ubaridi. Nilimwacha, nikaamini anajua kuliko mimi. Asubuhi yake nipo mezani naandika, nikasikia kunguru, wengi, wakiitana. Nilipotoka na ufagio walikuwa wameshajaa juu ya bati na ukutani, na wawili walikuwa wamemburuta yule wa rangi ya chai mpaka katikati ya uani. Nilimwokota akiwa bado na joto. Hakufika hata jikoni.

Tulimzika chini ya mpapai, mimi na binti wa Mama Salma, yule wa darasa la pili, aliyeniuliza kama paka nao wanasomewa dua. Nilimwambia amsomee. Kibatari alizunguka uani siku mbili akimwita, na mimi siku hizo mbili sikuandika hata mstari.

Ndege wale, somo, si kunguru wetu wenye kifua cheupe. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa utawala wa Waingereza, ili wale takataka za mji. Baadaye wakawa bara, na leo Dar ni yao. Ndege wadogo mayai yao yanaliwa, vifaranga vya kuku vinaliwa, na sisi kila siku tunawaandalia karamu kwenye majalala ya wazi. Siwezi kumlaani ndege anayetafuta chakula. Lakini tangu siku ile mlango wa chumba changu haufungwi, chumba kisiwe tanuri tena, na watoto wanalala kwenye beseni chini ya meza ninayoandikia. Macho yao yameshafunguka. Nikiandika nasikia wananyonya.

Basi, Morogoro. Niliondoka tarehe 23 kwa treni mpya, shilingi 13,000, na baada ya saa mbili hivi nikawa naiona milima ya Uluguru ikiwa imevaa mawingu kiunoni. Kibatari nilimwacha kwa Mama Salma na dagaa wa wiki nzima. Nilikuwa nimenunua dirisha ili nitazame njia, lakini Pugu imekwisha kupita, Soga, Ruvu, unataka kuukazia macho mti mmoja, umeshakwenda. Nililikumbuka basi la zamani, tulivyokuwa tunasimama Chalinze na mahindi ya kuchoma yanapandishwa madirishani. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua, lakini bustani bado analima mwenyewe, na amekuulizia wewe kabla hajaniuliza mimi nimesafirije. Maembe yalikuwa mengi mpaka tukawa tunagawa kwa ndoo.

Sasa nikwambie jambo lenyewe lililonifanya nikuandikie badala ya kupiga simu.

Unajua riwaya hii imenikalia kifuani mwaka wa pili sasa. Naamka saa kumi na moja alfajiri, mwadhini anaponadi nakuwa nimeshawasha jiko, chai ikichemka nimeshafungua kaunta buku. Naandika kwa mkono mpaka saa mbili. Baada ya hapo siku si yangu tena: nahariri miswada ya watu, nasahihisha vitabu vya shule, ndiyo kodi na ndiyo dagaa wa Kibatari. Sisikitiki, kazi hiyo naipenda, inanifundisha sentensi zinavyovunjika. Lakini yale masaa matatu ya alfajiri ndiyo maisha yangu, na kwa miezi minane niliyatumia kuandika kitu ambacho hakipumui.

Nilitaka kuandika Temeke ya mwaka 1983. Nilikwenda Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi, wiki baada ya wiki, nikasoma mpaka macho yakauma. Nikajua kila kitu. Mpaka wa Kenya uliofungwa 1977, vita vya Kagera vilivyokomba hazina, mafuta yaliyopanda bei, viwanda vilivyokosa vipuri. Nikajua msako wa wahujumu uchumi ulivyoanza, watu walivyotupa sukari na sabuni vichakani usiku kwa kuogopa kukutwa nazo ndani. Nikajua Waziri Mkuu Sokoine alivyofariki barabarani Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, nami nikampa mhusika wangu, balozi wa nyumba kumi, redio ya mkulima apate kuisikia habari ile na kulia. Alilia kurasa nne. Nilipozisoma upya mimi mwenyewe sikusikia kitu, na kitabu nikakifunika.

Jioni ya mkesha wa Krismasi nilikaa na Mama tukichambua mchele wa pilau. Nikamsomea sura mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, akapepeta, akapuliza, kisha akasema, "Mwanangu, umeandika mambo ya serikali. Sisi tulikuwa kwenye foleni."

Nikamwomba anieleze foleni.

Somo, alizungumza mpaka mchele ukaisha, tukabaki tunachambua sinia tupu. Alinieleza unga wa njano, uliokuwa ukiitwa Yanga kwa rangi yake, ambao watoto waliukataa na wakubwa wakaula kimya. Akanieleza kwamba foleni za duka la ushirika zilipangwa na mawe. Mtu hawezi kusimama tangu usiku na ana watoto ndani, kwa hiyo unaweka jiwe lako, au kikapu kilichotoboka, au dumu, na foleni inakuwa imesimama bila watu. Gari likionekana ndipo kila mmoja anakimbilia jiwe lake. Na mawe yalikuwa yanajulikana. Ukiligusa la mwenzio mtaa mzima utakusema.

Halafu akasema, "La Bibi yake Rehema lilikuwa la mviringo, limepakwa buluu ya kufulia."

Sinia liliniponyoka. Kwa sababu mimi na wewe jiwe lile tunalijua. Lile la nyuma ya mlango wa chumba cha Bibi! Tulilipondea kungu, tulilikalia tukisukana, na siku ile ulipolipiga teke Bibi alitoka ukumbini na mwiko mkononi, akasema jiwe lile lina adabu kuliko sisi. Tulidhani ni maneno ya wazee tu. Alama ya buluu ilikuwapo bado upande wa chini, mimi nikafikiri ni chaki.

Mama akaendelea. Kulikuwa na siku ya sabuni. Bibi yako jiwe lake lilikuwa la sita, alikuwa ameliweka tangu saa tisa usiku. Mama yangu alikuwa na wiki tatu tu tangu amzae kaka yangu mkubwa, Baba yuko safarini, nguo za mtoto zimelala siku mbili bila kufuliwa. Alifika jua limeshatoka, akakuta foleni imepinda kona. Hakumwomba mtu. Alisimama tu mwishoni na mtoto mgongoni. Bibi alimwona. Akatoka pale mbele, akaja akamvua mtoto kiatu kimoja cha kitambaa alichovalishwa, akarudi nacho, akaliinua jiwe lake, akakiweka kiatu mahali pake. Kisha akalibeba jiwe kwa mikono miwili mpaka mwisho wa foleni, akaliweka chini, akakaa juu yake.

Sabuni iliisha watu kumi na zaidi kabla ya kumfikia.

Wiki ile Bibi alifulia majani ya mpapai. Mama anasema alimpelekea nusu ya mche wake jioni, Bibi akaurudisha na kumwambia, "Mimi nina nguo, wewe una mtoto." Hawakulitaja tena, miaka yote ile tuliyokaa nyumba moja, pilau ya Idd ikitoka chumba chenu kuja chetu na ya Krismasi ikitoka chetu kwenda chenu. Nikamuuliza Mama kwa nini hakunieleza. Akasema angenieleza mimi, mimi ningekueleza wewe, na wewe ungemuuliza Bibi, na Bibi asingependa.

Nililia, somo. Nilikwenda kusimama uani gizani, Uluguru haionekani, nikalia kama siku tuliyomzika Bibi.

Nikarudi Dar tarehe 28. Kesho yake Kibatari akazaa juu ya sura ya tatu, na nikaiacha ioze, kwa sababu sikuihitaji tena. Tangu Mwaka Mpya, ukitoa zile siku mbili, nimeandika kila alfajiri. Hata jana, sikukuu ya Mapinduzi, mtaa umelala, niliandika mpaka saa nne na joto sikulisikia. Balozi wa nyumba kumi yupo bado, lakini amekaa pembeni, anakopa chumvi kama wengine. Katikati yuko mwanamke na jiwe. Nikiandika anachofanya, kesho yake nakuta amefanya na kingine ambacho sikumtuma. Maneno yake nayasikia kwa sauti ya Bibi, ile ya kukata mwisho wa neno, na hapo ndipo ninapoogopa.

Kwa sababu si wangu. Ni wako. Ni Bibi aliyekulea wewe, na kitendo kile alikificha miaka ishirini na sita mpaka akaingia nacho kaburini. Mama amenipa ruhusa kwa upande wake, alisema, "Mimi nilipokea, naruhusiwa kusema." Aliyetoa hawezi kuulizwa tena, kwa hiyo nakuuliza wewe. Jina nimelibadilisha, mtaa nimeusogeza, kabila sikulitaja. Lakini mtu yeyote aliyepanga nyumba ile akisoma ukurasa wa kwanza atamjua. Ukisema nisiandike, nitayatoa na sitakuuliza sababu. Kitabu nitakitafutia mlango mwingine. Kitabu kinaweza kungoja, usomo wetu sitauweka rehani kwa ajili yake.

Na ukisema niandike, basi nina maswali, na hapa nahitaji msaada wako kwelikweli. Bibi alilitoa wapi lile jiwe? Mama anadhani ni la pwani, kwa ulaini wake, lakini Bibi hakuwa mtu wa pwani ya huku. Je, aliwahi kukwambia? Alikuwa akiamka saa ngapi hasa, na alitoka na kanga gani usiku? Kumbuka pia kama aliimba alipokuwa akifua. Mimi nakumbuka akinong'ona kitu, maneno yamenitoka.

Huko Tanga mnaendeleaje? Shemeji amemaliza lile paa? Mwambie Nuru paka mweusi mwenye soksi ni wake, nimeshamwekea nadhiri, Mama Salma alimtaka nikamnyima. Lakini asimtarajie kesho. Watoto wa paka wanatakiwa wanyonye wiki nane wakamilike, hii inatupeleka mwisho wa Februari. Nitamleta mwenyewe kwa basi, kwenye kikapu chenye mfuniko, kabla Ramadhani haijaingia, ili tukae siku mbili tatu tule mchana kweupe. Nimpatie na chanjo kabla ya safari kama daktari wa mifugo atakubali umri wake. Nuru afikirie jina. Mimi nampa majina watu ambao hawapo, huyu yupo, ampe mwenyewe.

Mama anakusalimu sana, na amekutumia maembe ambayo nasikitika tumeyala, yalikuwa yanaanza kulainika.

Jambo la mwisho. Nyumba ile ilipouzwa, wajomba zako walitoa vyombo siku moja tu, na mimi nilikuwa kazini. Sijui jiwe lilikwenda wapi. Kama lilibebwa pamoja na kinu na mbuzi ya nazi, basi liko kwako, labda nyuma ya mlango mwingine. Litafute, somo. Ukiliona usilioshe. Linyanyue kwanza kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, uniandikie lina uzito gani, na kama mtu mzima anaweza kutembea nalo mpaka mwisho wa foleni iliyopinda kona bila kulituliza njiani.

Somo yako,
Rehema