Nimezima Cherehani, Mwanangu

Kisumu,
Jumatatu usiku

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, baba? Huku tu wazima. Dada yako amerudi shuleni juzi, na baba yako yuko safari ya Busia, atafika kesho jioni.

Wiki iliyopita ulinitumia wimbo wako, nami nikakujibu kwa mioyo mitatu myekundu na "vizuri sana". Ukanyamaza siku mbili, kisha ukaniandikia: "Mama, niliomba unisikilize, sikuomba unisifu." Maneno hayo yalinichoma, maana ni kweli. Ilikuwa Jumapili, soko la Kibuye limefurika watu, mteja anasubiri sare ya mtoto wake, muuza omena wa pembeni anagombana na mtu juu ya chenji, na wewe unaimba ndani ya simu iliyolala juu ya robota la vitenge. Nilichosikia ni kwamba mwanangu anaimba. Nikafurahi, nikajibu, nikaendelea na pindo.

Leo nimezima cherehani. Nimezitoa zile spika za masikioni ulizoacha kwenye droo, nimefunga mlango, na nimekusikiliza mara tisa. Hili ndilo jibu ulilostahili tangu siku ile.

Nianze na mahali niliposimamisha wimbo nikaurudisha nyuma kwa sababu ya utamu. Ni sekunde ya 18, pale unaposema "taa zinawaka". Hapo hukulazimisha kitu. Ile "ka" ya mwisho umeiacha ififie polepole huku pumzi ikiwa bado ipo chini yake. Babu yako alipokuwa akivua omena Dunga, mimi nikiwa bado bibi arusi, tulikuwa tukisimama ufuoni gizani kuzitazama taa za mitumbwi, na wimbi likiinuka taa moja inapotea kisha inarudi. Umeimba hivyo hivyo. Sijui kama ulikusudia, ndiyo maana nakutajia sekunde, ili safari nyingine uifanye kwa kujua.

Sasa twende pale panapobana. Dakika ya kwanza na sekunde 12, "taa zinawaka ziwani", unapanda kwenye "ni" ya mwisho na kuikalia muda mrefu. Nasikia kidevu kikiinuka. Usiniambie hukukiinua, naijua shingo yako. Kidevu kikipanda, zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti kooni, hupanda nacho, koo linabana, na ile "i" inatoka nyembamba kama uzi uliovutwa mpaka karibu kukatika. Irabu "i" ni ngumu juu huko kwa sababu ulimi umeinuka na mdomo umejifunga. Waimbaji huifungua kidogo ikakaribia "e" bila msikilizaji kugundua. Hiyo ni dawa moja. Lakini nilipoisikiliza mara ya sita niliona shida si koo peke yake, ni mshono wenyewe wa wimbo.

Sema neno hilo kwa sauti ya kawaida: ziwani. Uzito uko wapi? Uko kwenye "wa". Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, mtoto wa miaka mitatu anafanya hivyo bila kufundishwa. Wewe umeipa "ni" noti ya juu kuliko zote na ndefu kuliko zote, kwa hiyo unatuimbia ziwaNI, neno ambalo hakuna mtu anayelisema. Hatukulaumu, umekulia ndani ya nyimbo za kanisani ambazo tuni yake ilitungiwa Kiingereza au Kijerumani, kisha maneno yetu yakabanwa humo. Tumezizoea hadi hatusikii tena mahali zinapovuta. Lakini huu umeutunga wewe. Hakuna anayekulazimisha. Hamisha ile noti ya juu iwe kwenye "wa", kisha uteremke kwenye "ni". Utaona mambo mawili yanapona kwa mara moja: neno linakaa mahali pake, na noti ngumu inaangukia irabu "a", ambayo mdomo wake umefunguka tayari. Nimeijaribu hapa chumbani. Ilinitoka bila taabu, na mimi ni sauti ya pili, huko juu si kwetu.

Jambo jingine ni dogo lakini limenitoa machozini kunirudisha kwenye sarufi. "Babu hajafika ufuoni." Ulivuta pumzi katikati, ukasema "babu haja", kimya, "fika ufuoni". Nilisikia babu ana haja. Mstari mzito kuliko yote katika wimbo, na maana yake ikapotea kwa nusu sekunde. Vuta pumzi kabla ya "babu". Isipotosha, usiongeze nguvu mwishoni, punguza mwanzoni: unaanza mstari ule kwa hewa nyingi mno, kama mtu anayefungua bomba lote kujaza kikombe. Mkono uweke chini ya mbavu, pumzi iingie huko na mabega yatulie, kisha itoke kidogo kidogo.

Ulisema pia kwamba ukijisikia kwenye rekodi unataka kufuta kila kitu, kwamba ile si sauti yako. Nikueleze nilivyoelewa mimi jambo hili. Mwalimu wetu wa kwaya hakuwa na kinanda. Alikuwa na kile chuma cha meno mawili, akikigonga kwenye goti kinalia "la", mitetemo 440 kwa sekunde. Siku moja nilimlalamikia vivyo hivyo kuhusu kaseti tuliyorekodiwa. Hakunijibu. Alikigonga chuma, akakishika mbali nami mpaka nisikisikie, kisha akagusisha mguu wa chuma hicho kwenye mfupa nyuma ya sikio langu. Kichwa changu chote kikalia. Aliyesimama kando yangu hakusikia kitu. Akaniambia, ndivyo unavyojisikia unapoimba: nusu kwa hewa, nusu kwa mfupa, na mfupa hukuongezea uzito wa chini ambao sisi wengine hatuupati. Kwa hiyo sauti iliyo kwenye simu ndiyo tunayoijua sisi, baba. Tumeipenda hiyo hiyo miaka kumi na tisa. Wewe ndiye mgeni wake.

Alitusimulia pia habari za Manuel García, mwalimu wa kuimba, ambaye mwaka 1854 alitaka kuziona nyuzi za sauti zikifanya kazi ndani ya koo la mtu aliye hai. Alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya koo lake mwenyewe, akauelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akaziona. Maisha yake yote alikuwa amefundisha kuimba, na bado alihitaji vioo. Ndiyo kazi ya kikundi chenu cha waimbaji, mwanangu. Mnaposikilizana, mnakuwa vioo.

Ila kioo kikiwa na ukungu hakisaidii. Umenionyesha majibu uliyopata kutoka kwa wenzako. Wanne walikutumia alama za moto. Mmoja akaandika kwamba sauti yako ni ya puani na utafute kipaji kingine. Wale wanne walifanya nililofanya mimi pale Kibuye. Huyu wa tano amekukasirisha, na una haki ya kukasirika, lakini ndani ya maneno yake mabaya kuna chembe: kwenye "zinawaka" na "ziwani" kuna pua kidogo, hasa baada ya "n". Ukimaliza "n", kaakaa laini linachelewa kuinuka, na irabu inayofuata inavuja puani. Bana pua kwa vidole uimbe "zinawaka" taratibu. Irabu ikibadilika ukibana, inavuja. Isipobadilika, iko salama. Jaribu, utajua mwenyewe bila kumuuliza yeye.

Mimi kazini kwangu sijawahi kumwambia mteja ana mwili mbaya. Anavaa gauni la kujaribisha, nazunguka, naweka pini panapolegea, nachora chaki panapobana. Akiondoka, pini zinanieleza pa kufumua. Wewe pia nilikuona ulivyomjibu yule binti wa Kaptembwo: "Umetoka kwenye ufunguo." Basi. Binti wa watu ameimba dakika tatu nzima, ametoka wapi? Mimi nilimsikiliza. Alikuwa sawa beti yote ya kwanza. Alianza kushuka kwenye mwisho wa mistari, pumzi inapomwishia, na kwa kuwa hana ala ya kumrudisha, kila mstari ulianza pale ule uliotangulia ulipoanguka. Kufikia mwisho alikuwa chini karibu nusu hatua. Hayo ungemwambia, pamoja na neno ambalo pumzi ilimwishia, angejua cha kufanya leo jioni. Mwandikie tena. Na utakapotuma wimbo wako, usiuache tu mezani. Sema unachotaka kisikilizwe: "Nisikilizieni pumzi ya beti ya pili." Watu wengi husifu au hutukana kwa sababu hawajui wameulizwa nini.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Ulipokuwa kidato cha pili sauti yako ilipoanza kuvunjika, mimi ndiye niliyemwambia kiongozi wenu wa kwaya ya vijana akupumzishe. Nilidhani nakukinga na aibu. Ulikaa benchi ya nyuma ukifungua mdomo bila sauti karibu mwaka mzima, kisha ukaacha kabisa kuja mazoezini. Zoloto la mvulana likikua nyuzi zake hurefuka, na sauti hushuka karibu oktava nzima. Hilo halihitaji kunyamazishwa. Lilihitaji mtu akutafutie noti tano au sita zilizokuwa bado zinakutii uimbe hizo kwa upole. Nilikuwa kiongozi wa sauti ya pili, nilikaa mita mbili kutoka kwako kila Jumamosi, na sikukutafutia. Nisamehe kwa hilo. Nafikiri kule kuinua kidevu kulikuanzia huko, unapozifuata noti zako za zamani zilipokuwa.

Kuhusu koo lako. Huko uliko Njoro ni juu zaidi ya mita 2,000, hewa ni baridi na kavu, na Nakuru nzima jina lake lenyewe husemwa lilitokana na neno la Kimaasai la vumbi. Hukuzoea hivyo, hapa unyevu wa ziwa unakuhudumia bure. Kunywa maji tangu asubuhi, usingoje dakika ya kuimba. Tangawizi na asali kunywa kama unapenda, zinafariji, lakini zinapita njia ya chakula, hazigusi nyuzi. Mvuke wa sufuria ndio unaofika huko. Ukiwa na uchakacho usirekodi. Ukizidi wiki tatu nenda hospitali ukaonwe koo, na nauli au ada ikikupungukia uniambie siku hiyo hiyo. Na kila asubuhi chukua mrija wa soda, uimbe tuni yote ndani yake bila maneno. Hewa inayorudi nyuma husaidia nyuzi zikutane taratibu.

Usirekodi tena ukiwa karibu na dirisha, namsikia jirani yako akikoroga ugali. Simu iweke mbali nawe kiasi cha mkono ulionyooka, juu ya blanketi lililokunjwa, na uelekee kabati la nguo. Halafu tuma faili yenyewe. Ile ya kubonyeza na kuongea hubanwa, na mng'ao wa juu wa sauti unakatwa.

Baba yako aliusikia kabla hajaondoka. Uliposema "babu hajafika" aliweka kikombe chini, akatoka nje akasimama kwenye ua kwa muda. Hakusema neno, nami sikumuuliza.

Nakutumia pamoja na barua hii rekodi yangu. Ni ya kwanza tangu ile kaseti. Nimeimba beti yako ya pili kwa sauti ya pili niliyoitunga nikiwa natia vifungo, dakika moja na sekunde 10, kabati la nguo mbele yangu na blanketi chini ya simu. Kwenye "ufuoni" kuna mahali nashuka, na sina hakika kama nafika kwenye noti au naishia juu yake kidogo. Isikilize ukiwa umetulia, kisha uniambie ni silabi gani.

Mama yako