Kipimo cha choo hakitoshi kugundua jipu la ini

Mhariri,

Mgonjwa mwenye homa isiyokoma na maumivu chini ya mbavu za kulia, yanayopanda hadi begani kila avutapo pumzi, asiishie kupimwa choo tu, kwani jipu la ini litokanalo na amiba, vimelea wadogo wa utumboni, huweza kuwapo hata choo kikionekana safi. Ultrasaundi ndiyo huonyesha usaha ulipo. Jipu hilo kwa kawaida hupona kwa dawa ya metronidazoli ya siku 7 hadi 10, ikifuatwa na dawa ya kuua vimelea waliobaki utumboni, hatua ambayo, kwa masikitiko yangu, husahauliwa. La bakteria ni jambo jingine: mara nyingi usaha hunyonywa kwa sindano au mrija, na antibiotiki huendelea kwa wiki kadhaa, hata homa ikishuka.

Msomaji wenu